Mtu wa Nne Ndani ya Stoo

Mume akiwa mkali miaka yote, kisha ghafla awe mpole, usishangilie. Mtafute aliyempoza.

Wangu ni fundi vitasa na kufuli, na mtaa mzima unamwita Pilipili. Ukipoteza ufunguo atakufungulia mlango, lakini utaingia ndani ukiwa umetukanwa mpaka basi. Nyumbani kwetu hakuna chumba kilichowahi kufungwa kwa ufunguo. Alisema kufuli anaziona kutwa kazini, hataki kuzikuta na kwake.

Siku moja akaitwa kwenye hekalu la Wabuddha, mlango umegoma kufunguka. Alienda asubuhi akarudi jioni. Kitasa gani hicho? Na tusi hata moja halikumtoka. Kesho yake nikamwona amembeba mende kwenye kizoleo cha taka, anampeleka nje polepole kama anasindikiza mgeni.

"Naye anapenda kuishi," akaniambia.

Mende!

Kisha akaanza kujifungia stoo kila alfajiri na kuuchomoa ufunguo. Nikitega sikio namsikia ananong'ona, "Uwe salama. Uishi kwa amani." Hakuna anayeliambia gunia la mkaa maneno kama hayo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na nikapanga nguo zangu kwenye begi. Nilichokuwa nangoja ni kumjua huyo mwanamke tu, kisha niende zangu kwa dada.

Mke wa fundi vitasa hakai nje ya mlango. Enzi za uchumba alinifundisha mwenyewe kufungua kitasa kwa waya, tukicheka mpaka machozi. Basi nikaweka begi chini, nikaingiza waya, nikasukuma mlango.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja, macho ameyafumba. Peke yake. Nikachungulia hata nyuma ya ndoo.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo unayemnong'oneza!"

Akashusha pumzi. "Mtawa wa pale hekaluni alinifundisha. Wanasema huruma ni ya kufanyia mazoezi. Unaanza kwa kujitakia mema mwenyewe. Halafu unamtakia unayempenda. Halafu mtu ambaye huna habari naye. Wa nne ni anayekuumiza. Ukimtakia mema huyo bila kinyongo, ndiyo unaanza kuamka."

"Kuamka gani, na umefumba macho?"

Mimi siachagi jambo njiani.

"Unayempenda ni nani?"

"Binti yetu. Hayo uliyoyasikia ni yake."

"Wa tatu?"

"Muuza maji."

"Na wa nne?"

Akautazama waya mkononi mwangu.

"Ni wewe, mke wangu."

"Mimi? Ninayekupikia, ninayekufulia?"

"Unanifulia ukishanipekua mifuko. Unaninusa mashati. Unawauliza wateja wangu nilikuwa wapi. Hukuanza jana. Kila siku nikifika kwako maneno hayanitoki, nainuka naenda kazini."

Iliniuma, sitaki kudanganya. Nilikuja kumfumania mwanamke, na mwanamke mwenyewe nikawa mimi. Nilitaka nimtukane, lakini katika nyumba ile mtukanaji alikuwa yeye, na ameshaacha.

Akasogea, akaniachia nafasi kwenye mkeka. "Jaribu."

Nikakaa kwa shingo upande, nikafumba macho. Kujitakia mema kulinishinda, nikaruka. Wa nne wangu walijipanga foleni: wifi yangu, jirani wa juu, hata muuza maji nikamtilia shaka. Kwenye nafasi ya mpendwa nikamweka mume wangu. Hapo sikusita, na nikashangaa.

Halafu nikafumbua jicho moja. Begi langu lilikuwa pale pale mlangoni. Midomo yake, iliyokuwa ikinong'ona, ilikuwa imesimama. Nikajua amefika kwangu. Nikalifumba jicho, nikangoja maneno yamtoke.