Mgeni Hapandi Mchikichi

Marehemu Mama Agathe hakula chakula cha mtu kabla mwenye chakula hajatangulia kukionja. Hata lituma ya ndizi iliyotwangwa na mdogo wake wa tumbo moja aliisubiri kwanza ipite mdomo mwingine. Watu walicheka, yeye hakucheka. Alikulia katika nyumba iliyotamaniwa na wengi, na alishajifunza kwamba anayeitamani nyumba huanza kwa kuusifu mlango.

Nyumba yenyewe iko mahali wanapopaita Konsesyo, ukishaipita Simi-Simi kwa njia ya Yangambi. Mzungu mmoja wa kahawa aliijenga kwa matofali, akaiwekea baraza pana na bafu kubwa ambalo baadaye liligeuka mahali pa kulowekea mihogo. Mzungu alipokimbia, msimamizi wa wafanyakazi wake, Mzee Léon, alibaki kuilinda, na chifu wa wakati ule akamwachia nyumba pamoja na shamba. Léon alimzaa Ignace. Ignace akawazaa Agathe na Olga. Agathe aliolewa Kabondo, Mungu hakumjalia mtoto, mume akamrudisha kwao. Alirudi na godoro lake juu ya toleka, baiskeli ya kukodi, akamtunza baba yake mpaka uzee ukamlaza.

Katika mafundisho ya katekisimu alikuwa amesikia habari za Naboti, aliyeuawa ili mfalme Ahabu alichukue shamba la baba zake. Tangu hapo alimwona Ahabu katika kila mtu aliyepita barabarani na kugeuza shingo upande wa nyumba. Mungu amrehemu, kuna siku hakukosea.

Ahabu wa kwanza machoni pake alikuwa shemeji yake Alfani, fundi cherehani kutoka Kasongo, Muislamu wa maneno machache, aliyemwoa Olga. Olga alipofariki, Papa Ignace hakumfukuza mkwe wake. Alimwacha akae katika kijumba cha udongo pembeni mwa shamba, amlee binti yake Larissa, alime mihogo na mpunga. Mihogo na mpunga, basi. Huko hata mtoto anaijua sheria ya ardhi: mgeni hupanda kinachovunwa kikaisha. Mti unaokaa, kama mchikichi au kakao, si wa mgeni, kwa sababu penye mti wako ndipo penye ardhi yako, na wajukuu wako watachuma mawese hapo bila kumwomba mtu.

Papa Ignace alizikwa mwishoni mwa kiangazi. Mvua za kwanza ziliponyesha, Agathe alishuka mtoni kuchota maji, akakuta miche ya michikichi imesimama katika mstari mmoja kutoka kwenye kahawa za babu yake hadi ukingoni mwa mto. Udongo ulikuwa bado laini. Na nyayo zilizokuwa pale zilikwenda upande wa kijumba cha Alfani.

Hakumuuliza. Mtu anayeshuku haulizi, anachunguza. Kila jioni aliketi barazani na rozari yake, midomo inasali, macho yako kwa shemeji. Alimwona anakwenda kuipalilia miche, anaifunika kwa majani jua lisiichome. Alisema moyoni: huyu anampandia Larissa. Mimi nikifa bila mtoto, watu wa Kasongo watarithi mifupa ya babu yangu.

Aliyemfungulia moyo wake ni Timothée, mtoto wa baba yake mdogo, muuza bidhaa huko Mangobo. Timothée alikuja kila Jumapili kwa pikipiki, ameleta sabuni na sukari, na kwa kuwa aliijua desturi ya dada yake, alionja chakula kwanza bila kuambiwa. Ndiyo maana Agathe alimwamini. Alipomweleza habari ya miche, Timothée alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema kwamba mgeni ni kama maji ya mvua, huingia kwa tundu dogo.

"Yaya, ing'oe," alimwambia dada yake mkubwa. "Usingoje ikamate ardhi. Bon, na usimwambie mutu."

Kesho yake, Alfani alipokwenda na cherehani yake sokoni, Agathe aliing'oa yote na udongo wake, akaitupa ndani ya tangi la saruji walilokuwa wakioshea kahawa zamani. Jioni Alfani alirudi, akayaona mashimo. Kisha akaja barazani kumsalimia kama kawaida, akamuuliza hali, akaenda zake. Ukimya huo ulimtia Agathe hofu kuliko matusi. Mwizi aliyekamatwa, alisema, akinyamaza ujue anatafuta mlango mwingine.

Matanga ya Papa Ignace yalipofungwa, Timothée alimleta chifu. Agathe alidhani amemleta kwa ajili ya Alfani, akatandika kitambaa mezani, akatoa viti vya marehemu. Lakini Timothée alipoanza kusema, hakumtazama Alfani hata kidogo. Alisema kahawa zote zilipandwa na babu Léon, kwa hiyo ni za wajukuu wa kiume. Dada yake aliondoka kwa ndoa na kurudi mikono mitupu: hana mtoto, hana mti hata mmoja katika ardhi hii. Aliomba nyumba na shamba viwe mikononi mwake, na dada atafutiwe chumba Mangobo.

Alisema "atafutiwe chumba" kwa sauti ya upole sana, kama mtu anayempa mwenzake zawadi.

Agathe aliishika meza. Chifu, mzee mnene asiyependa haraka, alimgeukia Alfani na kumwambia aeleze alichoagizwa na marehemu.

Alfani alisimama, akavua kofia yake. Alisema kabla Papa Ignace hajaishiwa nguvu, walikwenda wote wawili kwa chifu kuchukua miche ya michikichi, na mzee akamwagiza aipande mvua zikianza, kwa jina la Agathe, ili pasitokee mtu wa kumwambia hana mti.

"Na mbona hakuniambia mimi?" Agathe aliuliza.

Chifu ndiye aliyejibu. "Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema: binti yangu, kati ya moyo wake na mdomo wake hakuna mulango. Akikasirika atamwambia yule yule anayepaswa kufichwa."

Timothée alicheka. Aliomba aonyeshwe hiyo miti. Walishuka mtoni wote, wakakuta mashimo yenye maji ya mvua. Timothée alimwambia chifu kwamba hayo ni mashimo ya panya, na kwamba mgeni huyu anatunga hadithi ili abaki. Kisha akaapa, mkono juu, kwamba tangu azaliwe hajasikia habari ya miche yoyote katika shamba hilo.

Agathe alikuwa bado anashuku. Alikuwa amewaza kwamba Alfani na chifu wamepatana kumchezea. Lakini kiapo hicho alikisikia kwa masikio yake, kutoka kinywa kilekile kilichomwambia aing'oe. Aibu ilimpanda mpaka kichwani. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua alilolitenda, na angelala Mangobo. Alifanya ishara ya msalaba.

"Papa chifu, ni mimi njo niliing'oa," alisema. "Na huyu ndugu yangu alinituma. Mukuje muone."

Akawapeleka kwenye tangi. Miche mingine ilikuwa imekauka, mingi ilikuwa hai, imekaa kivulini ikinyeshewa. Chifu aliinua mmoja, akautazama, akasema anaujua, ni wa kitalu chake.

Chifu alisema aliyepandiwa ni Agathe, na aliyeng'oa ni Agathe. Mtu aking'oa mali yake hajampa mwingine. Irudishwe leo, mbele yake. Akaagiza aletewe kiti, akaketi chini ya mwavuli, na Timothée akalazimika kusimama hapo kama shahidi, viatu vyake vya Jumapili vinazama katika tope.

Alfani alileta jembe. Alipomaliza kulisafisha shimo la kwanza aliinama ashike mche, lakini Agathe alimtangulia.

"Chimba tu, shemeji. Kuweka nitaweka mimi."

"Haya, yaya," Alfani alisema, na kwa mara ya kwanza tangu kifo cha Olga alionekana kutaka kucheka. "Bado unaniogopa?"

"Bado," Agathe alisema. Alipiga magoti, akauweka mche shimoni, akashindilia udongo kwa viganja. Kisha aliinua kichwa, akafumba jicho moja, akautazama mstari wote hadi mtoni, ahakikishe haupindi kuelekea kwenye kijumba cha Alfani.