Rhine Niliokariri Kando ya Kuja

Wiki jana nilirudi nyumbani, kule chini karibu na Karungu, ambako Mto Kuja unaingia ziwani. Daraja lilikuwa limesombwa na mafuriko. Jirani, ambaye watoto wake walikuwa wamekwama shuleni ng'ambo, alinikuta ukingoni akaniuliza: nyanya yako alikuwa anavukia wapi? Sikujua. Mimi, msomi wa kijiji!

Angeuliza mto Rhine, ule wa Ujerumani. Huo ninao wote kichwani tangu miaka ya tisini: unatoka Milima ya Alpi, unapita Ziwa Konstanz, unakata kona Basel kuelekea kaskazini, unapokea Moseli pale Koblenz na Ruhr pale Duisburg, kisha unamwagikia baharini Uholanzi. Mwalimu wetu wa jiografia alitukaririsha kwa kiboko. Aliujua kwa picha moja iliyofifia kitabuni, lakini kwa majigambo yake ungedhani alibatizwa humo. Kuja, uliokuwa ukinguruma nyuma ya darasa, hakuutaja hata siku moja. Nasi wapumbavu tukaiita hiyo elimu.

Nyanya, niliyemwita Dani, hakuwa na kitabu. Kila asubuhi, kabla ya kukoroga uji wa mtama, alisimama uani akatazama milima ya Kisii, Kuja unakoanzia. Kukiwa na giza la mawingu huko, kesho yake mto ungefurika kwetu, hata jua liwe kali namna gani.

Asubuhi moja ya mavuno alitazama, akaniita. "Nyathina, mtoto wangu, Kisii kumenyesha. Toa mahindi kule chini mtoni, kesho maji itafika."

Nilikuwa nachora Rhine, mtihani umekaribia. Kwetu mbingu zilikuwa safi. "Dani, mvua iko wapi? Hii mambo wewe hujasoma."

Alishuka peke yake na kikapu, mgongo ukimuuma, akapandisha alichoweza. Kesho yake adhuhuri, jua likiwaka, maji ya matope yakazoa yaliyobaki.

Rhine nilipata alama zote, na mwalimu akabandika ramani yangu ukutani. Msimu ule tulikula muhogo mkavu na omena, dagaa wa ziwani. Nyanya hakunilaumu hata kidogo, na hilo linaniuma mpaka leo. Alikufa na mto wake wote kichwani, kwa sababu mjukuu wake aliona haya kumuuliza.

Nikamwambia jirani sijui. Alitazama viatu vyangu vya mjini, akakunja suruali, akaanza kupima maji kwa fimbo.