Lori la Nyuma

Vita vilipokwisha, jirani yetu alirudi Njombe kutoka Burma, alikoendesha malori ya jeshi kwenye matope. Tajiri mmoja wa Makambako alimtaka awe dereva wake, ila awe na leseni. Serikali ile ile iliyomfundisha gari ikadai kwanza athibitishe kwamba anajua.

Siku ya mtihani mimi nilikuwa mkalimani, nimebanwa kati yake na mkaguzi, Mzungu. Tukapanda kilima vizuri kabisa. Kufika juu, barabara nyeupe, haina gari lolote, jirani akasimamisha lori, akachungulia kioo.

"Mbona amesimama?" Mzungu akaniuliza. Nikamuuliza jirani.

"Nangoja lori la nyuma, bwana. Jeshini hatumwachi mwenzetu mlimani."

Nikatafsiri.

"Mwambie nyuma hakuna lori."

Jirani akakitazama kioo kwa muda mrefu. "Ni kweli, bwana," akasema. "Halipo."

Nilipotafsiri hilo, Mzungu alivua kofia, akaiweka magotini. "Twende. Leseni amepata."

Madereva wa siku hizi wanapitana kwa honi na vumbi, na wote wana leseni. Yule wetu alisimama kila kilele mpaka anastaafu. Sisi abiria wa lori lake mwanzoni tulinung'unika. Baadaye tukazoea kungoja naye.