Dhumna Yangu Ilivyogoma

Katika darasa letu la kompyuta pale Kikwajuni, bingwa wa matamshi nilikuwa mimi, na sikusubiri kuulizwa. Bi Mwaka, mwanafunzi mwenzangu, akisema "zumna", namsahihisha mbele ya watu: "Dhumna, bibi. Ulimi baina ya meno."

Siku ya kuonesha mchezo wa dhumna nilioutengeneza kwenye kompyuta, picha ya kete zenye nukta ikakataa kufunguka. Kompyuta ikadai faili halipo. Nikalaumu umeme, nikalaumu mashine, na mwalimu hakusalimika.

Bi Mwaka akainama, akasoma taratibu: "Programu inatafuta faili la dhumna. Picha umeihifadhi mwenyewe kwa jina la zumna."

Kisha akaninong'oneza, darasa zima likasikia: "Ulimi baina ya meno, bwana."