Sayari ya Jumanne na Ijumaa

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunijia kila ninapomwona mtu amesimama kidete juu ya jambo aliloliona kwa mbali. Na kwa kuwa leo tangu chai ya asubuhi umenionyesha habari kwenye simu yako, ukaniapia kwamba ni kweli tupu kwa sababu umeiona kwa macho yako mwenyewe, hebu weka hiyo simu kando nikusimulie. Hata mimi nilikuwa na macho yangu mwenyewe. Yalikuwa makali kuliko haya unayoyaona, na mbele yake nilikuwa nimeweka darubini.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya kwenye shule moja ya msingi huku milimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Lukozi. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Asubuhi unafundisha watoto, mchana unashika jembe kwenye shamba la kijiji, alasiri unafundisha kisomo cha watu wazima. Mimi nimezaliwa upande wa Bumbuli, kwa hiyo pale nilikuwa mgeni wa miezi mitatu na vilima vyake sikuvijua. Lakini nilijiona nimekuja kuwafungua watu macho. Nilikuwa na kaunda suti moja tu, na mfukoni naweka kalamu mbili, moja haina wino.

Darubini nilipewa na mmishonari mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka mizigo mingi. Ilikuwa ndogo, haizidi urefu wa mkono wangu, na ilikuja na kijitabu cha habari za sayari. Nikatafuta kamera ya sanduku, nikakata mkebe wa kahawa kuiunganisha na darubini, nikazifunga kwa mpira wa baiskeli, kisha nikazisimamisha juu ya miti mitatu. Mwalimu Mkuu alipouona mtambo huo aliniuliza kama ni mtego wa ngedere.

Kijitabu kilisema kwamba Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ina miezi minne inayoonekana hata kwa darubini ndogo, nayo hujipanga mstari pembeni yake. Nikasema hiyo ndiyo nitakayoipiga picha. Basi Jumanne moja, giza likiwa ndiyo kwanza linaingia, ukungu ukapanda kutoka bondeni kama unavyopanda siku zote, ukafunika kila kitu mpaka hujui ardhi imeishia wapi. Juu ya ukungu, upande uleule uliotajwa na kijitabu, nikaona mwanga mweupe mkali. Nikaelekeza darubini. Mduara mweupe ukajaa kwenye kioo, na pembeni yake vijitaa vidogo vimejipanga mstari. Nikahesabu. Vilikuwa vitano.

Mtu mwenye akili angehesabu tena. Nilihesabu tena, mwanangu, nikapata vitano. Mtu mwenye akili zaidi angeuliza wenyeji, na hilo sikulifanya. Nilichofanya ni kuingia ndani na kuandika kwenye daftari langu kwamba leo nimegundua mwezi wa tano wa Mshtarii.

Kuanzia siku hiyo nikawa nauvizia. Nilibana pumzi, nikafungua kamera, nikahesabu hadi kumi, nikafunga. Mkanda nikampa mwenye basi aupeleke Tanga kusafishwa. Picha zikarudi, na kati ya zote moja tu ilitoka vizuri, nyingine zilikuwa giza na moja ilikuwa kidole changu. Lakini ile moja ilitosha. Mduara mweupe na nukta tano. Nililala nimeiweka chini ya mto.

Sasa sikiliza kilichonitia wazimu. Mwaka ule kulikuwa na nafasi moja ya mwalimu kutoka tarafa yetu kwenda chuoni kusomea sayansi, na mwenye kuchagua alikuwa Ofisa Elimu wa Lushoto. Nafasi ile niliitaka mpaka chakula kikawa hakipiti. Nikamwandikia Ofisa barua ya kurasa tatu, nikaambatanisha picha, nikapendekeza mwezi huo upewe jina la kijiji, na kama wanakijiji hawatapenda, basi jina langu lipo.

Katika darasa langu la kisomo alikuwamo mama mmoja mtu mzima, Bibi Hoza, mjane, aliyeishi kwa mwanawe kwenye kilima cha ng'ambo ya bonde. Kila alasiri alishuka bonde na kulipanda ili aje kujifunza kuandika jina lake. Alikuwa mzito wa kusoma, na mimi kwa ujinga wa ujana nikadhani basi ni mzito wa kila kitu. Siku niliyowaonyesha wanafunzi ile picha, kabla sijaituma, aliishika kwa muda mrefu, akaigeuza juu chini.

"Mwalimu," akasema, "mimi naona ikikaa hivi ndiyo sawa."

"Bibi, mbinguni hakuna juu wala chini," nikamjibu, nikaichukua. Hayo niliyatoa kitabuni. Kitabu hichohicho kilisema darubini hugeuza kila kitu miguu juu, lakini ukurasa ule niliupita haraka.

Baada ya wiki akanifuata tena mlangoni, akanialika nyumbani kwake Ijumaa jioni nikanywe uji. Nikamwambia Ijumaa jioni nina kazi na Mshtarii. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayetoka kwenda kanisani kavaa shati nje ndani, akaenda zake.

Ofisa akaja. Alikuja Ijumaa, kwa kuwa barua yangu ilimwelekeza hivyo. Akashuka kwenye Landrova, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akaketi ofisini akafungua daftari langu na kulisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Mwalimu," akasema, "hii sayari Jumatatu inakwenda wapi? Naona hapa inatoka Jumanne na Ijumaa tu."

"Mawingu, Ndugu Ofisa."

"Mawingu ya Jumatatu."

"Na ya Jumatano, na Alhamisi. Na mwisho wa juma."

Mwalimu Mkuu akaanza kukohoa, akatoka nje.

Jioni kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Bibi Hoza siku hiyo hakurudi kwake mapema. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitika marahaba, kisha akanivuta kando akaninong'oneza, "Mwanangu, funga haya madude yako. Mwambie mgeni ukungu umezidi." Nikamwambia, na naona aibu kukuambia hata leo, "Bibi, haya ni mambo ya elimu. Nenda ukakae na wenzako."

Akaenda akakaa.

Ofisa akainama, akafumba jicho moja. Akahesabu kwa sauti mpaka tano. Akahesabu tena. "Kweli naona mitano," akasema, jicho bado liko kwenye kioo. "Mwalimu, barua hii kesho naipeleka makao makuu Dar es Salaam. Na chuoni utakwenda wewe." Watu wakapiga makofi. Nilihisi miguu yangu haigusi nyasi.

Hapo ndipo Bibi Hoza alipoinuka. Akatembea polepole mpaka ukingoni mwa uwanja, akazungushia mdomo viganja vyake, akaita. Unajua mambo ya vilima vyetu. Kushuka bonde na kulipanda ni saa nzima, lakini sauti hufika kwa pumzi moja. Hivyo ndivyo tulivyopeana habari za misiba na kuombana chumvi tangu enzi za mababu. Bibi alimwita mkwe wake kwa jina, akamwambia kwa Kishambaa azime koroboi ya mwisho, ile iliyo karibu na matenga. Sauti ya mkwe ikarudi kutoka ng'ambo, ikiuliza kuna nini. Bibi akamjibu azime tu.

Ofisa hakujua Kishambaa. Alikuwa bado ameinama pale pale.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mwezi mmoja umezimika."

Bibi akaita tena.

"Umerudi," akasema Ofisa.

Bibi Hoza akamgeukia kwa adabu zote. "Ndugu Ofisa, na sayari yenyewe tuizime?"

Ndipo akaeleza. Lori la ushirika lilikuwa linakuja kuchukua mboga alfajiri ya Jumatano na ya Jumamosi. Kwa hiyo jioni za Jumanne na Ijumaa akina mama wa ng'ambo walichambua karoti na kabichi uani kwake, kwenye nyumba mpya ya mwanawe. Karabai, ile taa kubwa ya mwanga mweupe, ilitundikwa katikati, na wachambuaji watano kila mmoja akawa na koroboi yake. Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Ofisa alikaa kwenye nyasi, miwani mkononi, akijifuta machozi. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya Landrova, nikalia kweli, si kwa kucheka.

Bibi akanifuata kule. Nikamuuliza kwa nini amenivua nguo mbele za watu.

"Nimekufunika mara tatu, ukajifunua mwenyewe," akasema. "Hapa sauti yangu inafika. Hiyo barua ikishafika Dar es Salaam, mimi nitasimama kilima gani nikaita?"

Nafasi ile alipewa mwalimu mwingine, na iliniuma sana.

Jumanne iliyofuata nikavuka bonde na darubini yangu begani. Nikanywa uji, nikapewa koroboi, ile ya mwisho karibu na matenga, nikachambua karoti chini ya mwezi niliougundua. Tulipomaliza, Bibi akaamuru taa zote zizimwe. Kilima chake kiko juu ya ukungu, na anga lilikuwa wazi. "Sasa tafuta nyota yako," akasema. Ilikuwa juu kabisa, mahali ambapo sikuwahi kuinua shingo. Nikaelekeza darubini. Nikamwachia Bibi aangalie kwanza. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Minne," akasema. "Kitabu chako kilisema kweli."

Nikaipiga picha. Mkanda uliporudi kutoka Tanga, Mshtarii ilikuwa chembe ya mchele, na miezi haikutoka hata mmoja. Nikaituma kwa Ofisa hivyohivyo, na barua ya mistari miwili. Wa kwanza niliandika mimi, kukiri kosa langu. Wa pili aliuandika Bibi Hoza kwa mkono wake, herufi kubwa zinazopanda na kushuka, na ndiyo ilikuwa barua ya kwanza maishani mwake: "Nimehesabu minne. Taa zetu zote tulizima. Hoza."

Mwaka uliofuata nikaitwa chuoni. Ofisa aliniambia baadaye kwamba hakunichagua kwa sababu ya picha, maana haikuonyesha kitu. Alinichagua kwa sababu ya ule mstari wa pili.

Basi, mwanangu, sikukatazi kutazama mbali. Tazama sana. Lakini jambo ukiliona, kabla hujalitangaza, vuka bonde ukaone kwa karibu ni kitu gani, na umuulize anayeishi huko, hata kama ndiyo kwanza anajifunza kuandika jina lake. Na mtu mzima akikuita kando mara moja, nenda naye, usingoje mara ya tatu. Hiyo habari ya kwenye simu uliyoniletea, bado hujaituma kwa wenzako? Ngoja kwanza. Mungu akupe macho ya kuona mbali, akupe na miguu ya kwenda kuhakikisha, na popote utakapokosea, asikose kukuwekea kwenye kilima cha jirani mtu anayekupenda kiasi cha kukuitia.