Mama Maji na Mtungi wa Mwisho

Mke wangu alikuwa anabadilisha maji. Ndiyo kazi aliyoifanya tangu binti yetu ananyonya mpaka yeye mwenyewe alipolazwa hospitali. Wazamiaji walimwita Mama Maji, na mimi wakaniita shemeji.

Wazamiaji hao wanatoa vitu kwenye meli iliyozama enzi ambazo hata babu wa babu zetu hawazijui. Mitungi, sahani, nanga za mawe. Kuna kichwa cha mnyama cha kuchonga ambacho hakuna aliyekitambua. Mke wangu alisema ni mbuzi, ila aliyekichonga hakuwahi kumwona, alisimuliwa tu.

Kitu kikitoka baharini hakianikwi. Chumvi imeingia ndani ya udongo wake. Kikikauka nayo kinapasuka. Kinalowekwa kwenye beseni la maji ya bomba. Yanamwagwa, yanawekwa mengine, miezi na miezi, mpaka chumvi iishe. Kipimo cha chumvi, cha kutumia betri, kilikuwepo. Yeye aliweka kwanza tone kwenye ncha ya ulimi, ndipo akachovya kipimo.

Nyumbani tulikula chapwa.

"Mke wangu, chumvi umeisahau tena."

"Kutwa nzima naitoa, jioni niitie? Kula."

Alipougua, mtungi mmoja ulikuwa bado kwenye beseni, mkubwa, wa masikio mawili, hauna hata ufa. Wa namna hiyo ni adimu. Alitaka kuuona umekauka mzima. Hilo tu. Hospitali hakuuliza habari za dawa. Aliuliza, "Nani anabadilisha maji?"

Nikaenda kwa msimamizi wa ghala wanamoloweka vitu hivyo. Wazamiaji walikuwa kazini, na mgongo wake yeye haukumruhusu kuinua ndoo.

"Njoo wewe, shemeji."

Mimi ni fundi viatu. Nikafikiri, kitu cha bahari kitataka maji ya kwao. Nikachota ndoo ufukweni, na kwanza nikapita hospitali, anione nina akili.

Alicheka mpaka nesi akaja.

"Mume wangu, unataka kuniulia mtungi?"

"Si maji ya kwao?"

"Mimi naitoa chumvi kidogokidogo, wewe unairudisha kwa ndoo! Kamwage huko. Ya bomba, umesikia? Na umimine pembeni, usiupige kichwani."

"Mzee," nesi akasema, "hiyo ndoo usije ukanimwagia hapa."

Sikumsikia tena akicheka.

Alifariki mtungi ungali majini. Baada ya maziko nikaendelea.

"Baba, pumzika," binti yetu akasema. "Watapata mtu."

Nilichukua ndoo. Nilimwaga, nikajaza, nikaonja. Mwanzoni ulimi wangu haukupata kitu, na kipimo kilisema chumvi bado ipo. Nikapunguza chumvi kwenye chakula changu, mwishowe nikaiacha. Ndipo nikaanza kuisikia ile kidogo iliyobaki. Kumbe ndiyo maana tulikula chapwa.

Siku niliyoonja nisipate kitu, nikamwita msimamizi. Akachovya kipimo.

"Tayari, shemeji."

Tukautoa, tukauweka kivulini juu ya gunia. Hapo ndipo penye hatari, maana chumvi iliyojificha hujitokeza kitu kinapokauka. Kila asubuhi niliugonga kwa kidole kama alivyokuwa akifanya yeye. Uliitika vizuri, sauti ya kitu kizima.

Ulipokauka kabisa nilikwenda kaburini nikamwambia umetoka salama. Kisha nikarudi ghalani. Wazamiaji walikuwa wameleta sahani, na beseni lilikuwa tupu.