Miche Minne ya Krisanthemu

Mama yangu alikuwa na neno moja tu kwa maua ya dukani huku Texas: "Haya yamekatwa miguu." Alizoea krisanthemu za misheni kule Burundi, ndefu za kumfikia mtu kifuani, ambazo masista walizipeleka makaburini Siku ya Marehemu, tarehe mbili Novemba. Za hapa ni fupi, za mviringo kama sufuria iliyofunikwa, na huchanua Septemba. Kabla hajafa aliniomba nimpelekee zile ndefu, nami nikaahidi. Novemba ya kwanza, mwaka 2018, nilimwekea za dukani. Zilikuwa zimeshakauka, na niliona aibu kusimama pale kaburini. Ndiyo sababu ya safari hii ninayowasimulia ninyi mliobaki kambini Kasulu.

Habari nilizipata kwa Mwanajuma, Mkenya wa Mombasa ninayefanya naye kazi ghalani. "Kuna mzee wa Unguja kule Katy, karibu na Houston, Mzee Seif, anazo hizo ndefu," aliniambia. "Wee enda tu, nita-m-text. Hauzi, anagawa." Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Sisi tuliokulia kambini tunajua kwamba cha bure hakikosi mwenyewe.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, 2019, saa kumi na moja alfajiri, nilitoka kwangu Lewisville, kaskazini mwa Texas. Nilibeba maji yangu na viazi vyangu vya kuchemsha, maana sikutaka kula njiani wala kuliwa. Barabara ya kwenda Houston imenyooka mno, na mtu akiwa peke yake anapata muda wa kuwaza mabaya. Nilipofika kwenye misonobari nilikuwa nimeshaamua kwamba huyo mzee anatafuta mke wa pili.

Saa tano asubuhi nilifika Katy. Nyumba zote mtaani zilifanana, lakini yake niliijua kwa mzee mwenye kofia nyeupe aliyesimama mlangoni. "Karibu, mwanangu. Ume-drive peke yako?" Nikamjibu kwamba ndugu zangu wote wanajua nilipo.

Akaniweka barazani nyuma ya nyumba, akanimiminia chai ya tangawizi. Yeye hakujimiminia. Mnajua desturi yetu: mwenyeji huonja kwanza, mgeni aone kwamba kinywaji ni salama. Nikasubiri. Mzee akaniangalia, kisha akaangalia kikombe. Sikukigusa mpaka nilipoondoka.

"Maua yako wapi?" niliuliza, maana bustanini niliona majani tu, hayafiki hata magotini.

"Huu mwezi wa tatu, mwanangu. Hayo ni ya Novemba. Nilipewa na bibi mmoja wa hapa niliyekuwa namtunza akiumwa. Alisema nami nigawe."

Niliomba miche miwili. Alichimba, akatenganisha mizizi kwa kisu, akanifungia minne kwenye gazeti lililoloweshwa. Mtu anayekupa zaidi ya ulichoomba ana lake jambo, nikawaza. Kisha akaniambia, "Kila ikirefuka shibiri moja, kata vichwa. Usiache mpaka mwezi wa saba. Baada ya hapo, don't touch." Nimezitafuta ndefu, halafu ananiambia nizikate!

Njiani kurudi nilisimama kwenye kituo cha mafuta nikafungua lile gazeti. Kulikuwa na mizizi, udongo, na majani yenye harufu kali ya dawa. Nikalifunga tena, sikuamini bado.

Nyumbani Lewisville niliipanda kwenye ndoo nne nje ya mlango. Miwili niliikata vichwa alivyosema. Miwili niliiacha, kwa ajili ya Mama. Hiyo ilipanda juu haraka, nikamcheka mzee. Mwezi wa nane ukapita upepo mmoja wa mvua, ikaanguka ikavunjika yote miwili. Ile iliyokatwa ilikuwa imetoa matawi, imesimama imara. Ilichanua mwisho wa Oktoba, ya njano, ikinikaribia kifua.

Wiki hiyo nikamsimulia Mwanajuma habari ya kikombe. Akashika mdomo. "Ilikuwa Monday? Mzee hufunga Jumatatu na Alhamisi, tangu nimjue!" Nilitamani ardhi inimeze.

Tarehe mbili Novemba nilimpelekea Mama maua yake, nikalia kwa furaha. Jioni nikampigia Mzee Seif kumwomba radhi kwa ile chai.

"Chai haikupotea, mwanangu. Nilifuturu nayo. Maua je?"

"Miwili imechanua, Mzee. Miwili sikukuamini, ikavunjika."

Akacheka taratibu. "Si uliomba miwili? Niliona ulivyoitazama ile chai, ndiyo maana nikakupa minne."